Ishirini, Nane, Toa

Benchi letu la Kibiti lilikuwa boriti mbili za mkoko zilizolazwa juu ya matofali, mbele ya duka la ushirika lililofungwa. Lilifungwa miaka ile kila kitu kilipokuwa ruksa: sukari ikarudi, sabuni ikarudi, mabasi ya watu binafsi yakaja na majina yao yaliyoandikwa kwa rangi nyekundu, ila duka lenyewe halikurudi. Ulibaki mlango wake wa bati, wenye rangi ya kijani, na wenye benchi waliufanya ubao wa kuandikia matokeo ya mpira na mambo mengine ya kubishania. Jumamosi ile, baada ya alasiri, walikuwapo wale wa kila siku. Dadi, muuza boriti, walimwita Korija, kwa kuwa kila kitu alikihesabu kwa korija, ishirini ishirini, hata umri wake. Zebedayo, karani wa mahakama ya mwanzo, mtu wa Dodoma, walimwita Hakimu ingawa hajawahi kumhukumu mtu. Zaidi, utingo wa basi la Dar, walimwita Mjini. Mwalimu Gaudens wa hesabu, mtu wa Songea, hakuwa na jina la utani, maana ndiye aliyewafundisha watoto wao. Kahawa ilikuwa ya Hashimu, na birika lilikuwa bado zito.

Subira alikuja akivuka barabara kutoka yadi ya boriti, karatasi mkononi. Ni binti wa marehemu kaka yake Dadi. Tangu macho ya Dadi yaingie ukungu, yeye ndiye anayehesabu mizigo inayotoka kwenye mikoko ya delta.

— Shikamooni.

— Marahaba, wakaitikia kwa pamoja, na Hashimu akamsogezea kreti ya soda akae.

— Mwalimu, nimekwama, akasema Subira. Ni haya maswali ya mfano waliyotupa chuoni. Basi linaondoka kesho alfajiri, mtihani wa kuingia ni Jumatatu, na mimi kuna kitu sikielewi.

— Chuo gani tena? akauliza Zaidi.

— Cha kompyuta, kule Dar. Mwaka huu ndio mwisho wa kuchukua sisi wa kidato cha nne. Mwakani wanataka kidato cha sita.

— Basi usikwame, mwanangu, akasema Dadi. Kwama siku nyingine.

Mwalimu Gaudens aliishika ile karatasi, akaisoma kwa muda, akatabasamu peke yake.

— Alama mbele na alama nyuma, akasema.

— Ndiyo nini? akauliza Hashimu.

Mwalimu aliinuka, akatoa kipande cha chaki kwenye mfuko wa shati, akafuta kwa kiganja matokeo ya juzi, akaandika mlangoni: 2 + 3.

— Hii mnaijua. Mbili, jumlisha, tatu. Alama iko katikati. Sasa mtu anaweza kuitanguliza alama. Akaandika + 2 3. Jumlisha, mbili, tatu. Hiyo ndiyo alama mbele. Au akaiweka mwisho. Akaandika 2 3 +. Mbili, tatu, jumlisha. Hiyo ni alama nyuma. Jibu ni tano kote.

— Kama jibu ni lile lile, akasema Zebedayo, kwa nini wamsumbue binti wa watu?

— Ngoja kwanza, Hakimu, akasema Zaidi. Hii ya nyuma miye naijua, ni kazi yangu kila siku. Abiria anapanda. Abiria mwingine anapanda. Kuku wanapanda. Ndipo napiga bati, gari linaondoka. Bati ndiyo alama. Nikilipiga kabla hujapanda, unabaki Kibiti.

— Na hii ya mbele ni mahakama, akadakia Zebedayo. Karani anasimama anatangaza: wapatanishwe, fulani na fulani. Kwanza neno la kazi, kisha wahusika waingie.

— Si mahakama, akasema Hashimu huku akisuza vikombe. Ni ibada. Kwanza nia, ndipo vitendo. Mtu hasali akamaliza halafu ndiyo atie nia.

— Wote mmepata, akasema Mwalimu. Lakini hamjaniuliza faida.

— Faida yake?

Mwalimu akaandika chini yake, kwa tarakimu kubwa: 2 + 3 × 4.

— Jibu?

— Ishirini, akasema Zaidi. Mbili na tatu tano, mara nne, ishirini.

— Kumi na nne, akasema Zebedayo kwa sauti ya kusoma hukumu. Unaanza kuzidisha. MAGAZIJUTO. Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Uliondoka shule darasa la ngapi, Mjini?

— Niliondoka nikiwa na akili zangu, Hakimu. Miye nasoma kama watu wanavyosoma, kutoka huku kwenda huku. Kama walitaka nianze mwisho wangeandika mwisho mwanzo.

— Hakimu ndiye aliyepata, akasema Mwalimu. Lakini mmeona? Mlango mmoja, chaki moja, majibu mawili. Alama ikikaa katikati haijulikani inashika nini na nini. Ndiyo maana tunawakaririsha watoto MAGAZIJUTO kwa nyimbo, na bado tunaongeza mabano. Sasa tazameni alama nyuma.

Akaandika mistari miwili:

2 3 4 × +

2 3 + 4 ×

— Wa juu ni kumi na nne ya Hakimu. Wa chini ni ishirini ya Mjini. Hakuna mabano, hakuna MAGAZIJUTO, na hakuna wa kubishana naye.

Hashimu aliacha kusuza.

— Yaani MAGAZIJUTO nayo imefutwa?

— Kila kitu wanafuta siku hizi, akasema Zebedayo. Walianza na maduka ya kaya, yale ya mgao, wakaja ushirika. Sasa wamefika kwenye hesabu. Hiyo kweli ni ruksa ya mwisho.

— Haijafutwa. Mashine tu ndiyo haiihitaji. Tena aliyeanzisha alama mbele alikuwa msomi wa Poland, zamani kidogo, hata kompyuta hazijaenea.

— Poland si ndiko alikotoka Baba Mtakatifu? akauliza Zaidi. Ah, Mwalimu, sasa nimekuelewa. Umetuletea hesabu ya misa.

Walicheka, na Mwalimu Gaudens, ambaye hakosi misa ya Jumapili hata mvua ikinyesha, alicheka kuliko wote. Subira hakucheka. Alikuwa anautazama mlango.

— Mwalimu, waoneshe lile rundo linalotajwa kwenye karatasi, akasema. Hapo ndipo mimi napotelea.

Mwalimu akamwomba Hashimu vikombe vitatu, akavipanga kwenye kona ya benchi.

— Soma kutoka kushoto. Ukikuta namba, iweke juu ya rundo. Mbili, akaweka kikombe. Tatu, akaweka kikombe juu yake. Nne, akaweka cha tatu. Ukikuta alama, chukua viwili vya juu tu, vifanyie kazi, jibu lake lirudishe juu ya rundo. Hapa alama ni zidisha. Tatu na nne, kumi na mbili. Akaviondoa vile viwili, akarudisha kimoja. Tena alama, jumlisha. Mbili na kumi na mbili, kumi na nne. Kimebaki kimoja. Kikibaki kimoja, umemaliza.

Dadi, ambaye muda wote alikuwa ameinamia fimbo yake, aliinua uso.

— Hiyo si hesabu ya Poland, akasema. Hiyo ni yadi yangu. Mzigo ukishuka kwenye lori tunarundika. Mteja akija, tunaanza na ya juu. Nani atachomoa ya chini?

— Ndiyo, Mzee Korija. Rundo ni rundo.

— Basi hata huku kuishi ni alama nyuma, akasema Dadi. Unarundika tu. Siku juu ya siku, mtu juu ya mtu. Unadhani unajumlisha. Alama haijaja bado. Siku inakuja ndiyo unajua ulikuwa unajumlishwa au ulikuwa unatolewa.

Lori la mkaa lilipita, vumbi likainuka, na Hashimu akafunika vikombe kwa kiganja.

— Korija naye, akasema Zaidi baadaye, kwa sauti ya chini. Mtu kaja kuuliza mtihani, weye unatuzika.

— Sijamzika mtu. Nimesema rundo.

— Kwa hiyo kwa maneno ya Korija, akasema Zebedayo, na nchi nayo ni alama nyuma. Tumerundika vyama, tumerundika mabasi, tumerundika mitumba. Alama haijatangazwa.

— Na mke naye, akasema Zaidi. Unaposa, unaoa, mnazaa. Alama inatangazwa na mama mkwe.

Subira alisimama.

— Jamani, basi langu ni kesho.

Subira akachukua chaki mkononi mwa Mwalimu, akaandika: 20 8 − 3 ÷.

— Hili ndilo swali lenyewe. Ishirini, nane, toa, tatu, gawanya. Karatasi inasema jibu ni nne. Mimi napata robo, tena hasi.

— Robo hasi? akasema Zaidi. Hiyo hata sokoni hawakupimii.

— Wamekosea kuchapa, akasema Zebedayo. Peleka malalamiko. Andika kwa heshima, weka nakala.

— Hawajakosea, akasema Subira. Nimefanya yote. Za kujumlisha na za kuzidisha sikosi hata moja. Zikija za kutoa na za kugawanya nakosa zote. Na ajabu yake, zile za alama mbele napata zote, hata za kutoa. Ni hizi za alama nyuma tu. Labda kichwa changu kinaishia hapo. Kama ni hivyo, nisiende nikaaibike mbele za watu. Nibaki nihesabu boriti za ami.

Kila mtu pale benchini alijua kwamba Subira akibaki, macho ya Dadi yamebaki. Akiondoka, mtu wa kusimama pale mzigo unaposhushwa, akauhesabu bila kumwibia yeye wala mteja, hayupo.

— Kichwa hakiishii kwenye kutoa, akasema Dadi polepole. Mwalimu, mtazamie.

Mwalimu Gaudens hakuandika tena. Alisimama akiutazama ule mlango, vidole vyake vimekuwa vyeupe kwa chaki.

— Subira, ukikuta alama, unashusha viwili vya juu. Unavishushaje?

— Kama navyoshusha siku zote.

— Nioneshe. Siyo kwa vikombe. Kwa vitu vyako.

Basi benchi zima likavuka barabara, jambo ambalo halijawahi kutokea kahawa ikiwa bado ya moto. Hashimu alikuja na birika lake. Yadi ya Dadi ilikuwa uwanja wa mchanga, boriti zimerundikwa kwa unene, na ile harufu ya matope ya mikoko haijakauka kwenye magome. Mwalimu akachagua vipande vitatu vifupi vilivyobaki baada ya kukatwa, akaandika kwa chaki: 20, 8, 3.

— Anza.

Subira akaweka ishirini chini. Juu yake akaweka nane.

— Toa, akasema Mwalimu.

Subira akainua nane, akailaza mchangani upande wa kushoto. Akainua ishirini, akailaza kulia kwake. Mkono ulikwenda wenyewe, kama mkono unavyokwenda kwa kazi ya kila siku.

— Nane toa ishirini, akasema. Hasi kumi na mbili.

— Kwa nini nane umeitanguliza?

— Ndiyo iliyoshuka kwanza.

— Na kila inayoshuka kwanza inakaa kushoto?

— Ndivyo tunavyohesabu hapa. Ya kwanza kushuka inakaa mwanzo wa mstari, inayofuata inakaa kulia kwake, mpaka korija itimie. Ami ndiye alinifundisha.

— Ndivyo nilivyofundishwa na miye, akasema Dadi. Na yadini humu hakuna kutoa. Boriti moja na boriti moja, utangulize ipi, ni mbili. Itabadilika nini?

Mwalimu Gaudens alichuchumaa mchangani, na uso wake ulikuwa umefunguka.

— Ndiyo hapo, Mzee Dadi. Umesema mwenyewe. Kwa kujumlisha utangulize ipi, ni sawa. Kwa kuzidisha, sawa. Ndiyo maana hakosi. Lakini ishirini toa nane si nane toa ishirini. Subira, nani aliingia kwenye rundo kwanza?

— Ishirini.

— Nani alitoka kwanza?

— Nane.

— Swali linamjua aliyeingia kwanza. Wewe unamtaja aliyetoka kwanza.

Subira alivitazama vile vipande viwili.

— Hata kwetu ni hivyo, akasema Zebedayo, na safari hii hakutia madoido. Anayetajwa kwanza ni aliyefungua kesi. Mdaiwa anaweza kutoka mlangoni mbele yake, hilo halimfanyi kuwa mlalamikaji.

— Hiyo nayo imekaa, Hakimu, akasema Zaidi.

— Kwa hiyo kitu kimoja tu, akaendelea Mwalimu. Cha juu kikishuka, kilaze kulia. Kinachofuata, kilaze kushoto kwake. Kisha soma kama unavyosoma siku zote.

— Na kwa nini zile za alama mbele napata?

Mwalimu akaandika mchangani kwa kidole: ÷ − 20 8 3.

— Karatasi yako inasema alama mbele uisome kutoka wapi?

— Kutoka kulia, kurudi kushoto.

— Basi rundika. Tatu. Nane juu yake. Ishirini juu kabisa. Unakuta alama ya kutoa, unashusha ya juu. Ipi?

— Ishirini.

— Unaitanguliza, kama ulivyofundishwa na ami yako. Ishirini toa nane, kumi na mbili, unairudisha juu ya rundo. Unakuta alama ya kugawanya. Ya juu ni kumi na mbili, unaitanguliza. Gawanya kwa tatu.

— Nne.

— Umeona? Yadi hii haijakosea. Yadi hii ni ya alama mbele. Ulikuwa unaipeleka kwenye alama nyuma bila kuigeuza.

Subira alicheka kidogo, cheko la mtu aliyetua ndoo kichwani. Akavirudisha vile vipande kwenye rundo, ishirini chini, nane juu. Akashusha nane, mkono ukaanza kwenda kushoto, ukasita, akauvusha kwenda kulia. Akashusha ishirini, akailaza kushoto.

— Ishirini toa nane, kumi na mbili.

Akafuta 20 kwa kidole gumba, akaandika 12, akairudisha. Akaweka tatu juu yake. Akashusha tatu, kulia. Akashusha kumi na mbili, kushoto.

— Kumi na mbili gawanya kwa tatu. Nne.

Hakuna aliyepiga makofi. Dadi alijongea, akainama mpaka pua ikakaribia mchanga, akavipapasa vile vipande kimoja kimoja kwa ncha za vidole, kushoto kisha kulia.

— Nne, akasema, kama mtu anayepokea mzigo.

Mwalimu alimpa nyingine, akaipata. Akampa ya kugawanya mara mbili, akaipata. Hashimu akamimina kahawa pale pale wamesimama, na Zaidi akaanza kueleza jinsi atakavyomwekea Subira kiti cha dirishani, karibu na dereva, mahali ambapo vumbi halifiki, na jinsi atakavyomshusha mwenyewe na kumwonesha njia, maana Dar ukishuka vibaya ni kasheshe. Zebedayo akasema mtihani auendee kama mtu anayekwenda kutoa ushahidi: ajibu alichoulizwa, asiongeze.

Hapo ndipo alipoingia Aika, muuguzi mgeni wa kituo cha afya. Alikuwa ameletwa kutoka Moshi, hajamaliza hata kufungua mizigo yake. Alikuwa anapita na kikapu, akaona wanaume wamezunguka kitu mchangani.

— Hodi jamani. Kuna aliyeumia?

— Karibu, dada. Hakuna aliyeumia, akasema Zebedayo. Kuna aliyepona.

Wakamweleza, wote kwa wakati mmoja. Zaidi akaeleza bati la basi. Hashimu akaeleza nia. Zebedayo akaeleza mlalamikaji na mdaiwa. Mwalimu akaeleza rundo, na cha juu kukaa kulia. Aika alisikiliza kwa adabu, akavitazama vile vipande vya boriti, akamtazama Subira, akamtazama Dadi na yale macho yenye ukungu.

— Hongera, mdogo wangu, akasema. Ni mtoto wako, mzee?

— Mtoto wa kaka yangu. Ndiye macho yangu.

— Na akifaulu, akauliza Aika, atarudi?

Aliuliza hivi hivi tu, kama mgeni anavyouliza njia.

Zaidi, anayewapeleka watu Dar kila siku ya Mungu, alianza kupukuta mchanga kwenye ndala. Hashimu alilitikisa birika kusikiliza kama kuna kitu. Zebedayo alimtazama Mwalimu Gaudens, Mwalimu akamtazama Zebedayo, kisha kila mmoja akatazama pembeni. Wote wawili walikuja huku wakiwa vijana, wakiwa wamewaambia mama zao kwamba wanakwenda kwa muda mfupi tu. Aika mwenyewe, akiwaona hivyo, alikishika kikapu chake kwa mikono miwili.

Subira aliinamisha kichwa.

Dadi alisimama akiegemea fimbo, uso ameuelekeza kule barabarani, ambako kwa macho yake palikuwa mwanga tu. Alikaa hivyo mpaka Hashimu akadhani hakusikia, akataka kumrudia swali. Ndipo alipogeuka.

— Mpe nyingine, Mwalimu, akasema. Ngumu kidogo.